Mombasa Baada ya Bukini

Mombasa haulali sawasawa ukishindwa. Ijumaa usiku, tarehe 22 Agosti 2025, baada ya timu ya taifa kutolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti, madirisha ya Likoni yalibaki wazi mpaka saa sita, na kila dirisha lilitoa sauti ya mtu akimweleza mwenziwe lililopaswa kufanywa na halikufanywa. Asubuhi yake, Jumamosi, sisi wanawake watatu wa nyumba moja, pamoja na binti yetu wa miaka kumi na miwili, tulikuwa na safari yetu ya kawaida ya kuvuka kwenda kisiwani: kununua sare na soksi za shule, kupitia Marikiti kwa viungo, kisha kumzuru shangazi yetu mkubwa nyumbani kwake Kuze. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu. Hatukutoka kwenda kusikiliza habari za mpira, lakini siku ile hapakuwa na njia ya kuupita mji huu bila ya kuzisikiliza.

Kwa wasomaji wetu walioko Muscat, Jeddah au London, ambao huenda habari iliwafikia vipande vipande, tuieleze kwa ufupi. CHAN ni mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani kwao. Walio Ulaya hawana nafasi humo. Safari hii yaliandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, na Kenya ilikuwa ikishiriki kwa mara ya kwanza. Iliangukia kundi ambalo kila mtu alilihofia, kwani ndani yake mlikuwa na Morocco na Kongo, ambazo kila moja ilikuwa imeshalitwaa kombe hili mara mbili, pamoja na Angola na Zambia. Kenya ikaifunga Kongo bao moja, ikatoka sare ya moja kwa moja na Angola, ikaifunga Morocco bao moja na kulilinda kwa wachezaji kumi, kisha ikamaliza kwa bao moja dhidi ya Zambia. Alama kumi, kileleni mwa kundi. Ndipo ikaja robo fainali ya Kasarani. Alphonce Omija alitangulia kuifungia Kenya mwanzoni mwa kipindi cha pili; Madagascar ikasawazisha kwa penalti; dakika tisini zikaisha, na nyongeza nayo ikaisha bila ya bao jingine; na katika mikwaju, Madagascar ikapita kwa nne kwa tatu. Usiku ule ule Tanzania nayo ilifungwa na Morocco bao moja mjini Dar es Salaam. Pwani nzima, tangu huku kwetu hadi kwa jirani, ilikwenda kulala na msiba mmoja.

Kivuko cha Likoni ndicho baraza kubwa kuliko yote Mombasa, ingawa hakina kiti cha kukalia. Waendao kwa miguu huvuka bila ya nauli, kwa hiyo hukutana humo kila aina ya mtu: mchuuzi wa maembe, karani, mwanafunzi, baharia, mama na kikapu chake cha samaki. Husimama wamebanana baina ya magari, na kwa dakika chache zile hakuna awezaye kuondoka hata akichoshwa na maneno. Tulipoingia, mjadala ulikuwa umekwisha kuanza upande wa pili tulikotokea, na naamini uliendelea baada yetu kwa watu wengine, maana feri haibebi watu tu.

Kijana mmoja aliyevaa jezi ya taifa alikuwa akimlaumu kocha, Benni McCarthy. Madai yake ni kwamba timu ilipopata bao ilirudi nyuma kuchunga, ikamwachia mgeni uwanja. Mwenziwe, mwenye sare ya kampuni ya ulinzi, alimjibu kuwa kuchunga ndiko kulikowafikisha pale. Kwani waliichungia Morocco na watu kumi, nani aliyelalamika siku ile? Mtu wa tatu akasema kosa ni la refa. Wa nne akasema kosa ni la mashabiki waliokwisha kushangilia nusu fainali kabla ya kuifika. Hapo binti yetu, ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya, akatuvuta leso na kusema kwa sauti ya chini iliyosikika na wote: "Mechi tano, na kila mechi tumefunga bao moja tu. Ukifunga moja moja, iko siku moja hilo litarudishwa."

Watu wakanyamaza wakihesabu. Kongo moja, Angola moja, Morocco moja, Zambia moja, Bukini moja. Mlinzi akacheka, akamwambia, "Mwanangu, wewe ungepewa timu." Nasi tuliona kuwa katika yote tuliyoyasikia siku ile, na tulisikia mengi, hakuna aliyelisema jambo kwa ufupi na ukweli kuliko mtoto huyu.

Lakini si yote yaliyosemwa ferini yalikuwa ya kucheka. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye simu mkononi, akiwasomea wenziwe maneno waliyoandikiwa vijana waliokosa mikwaju. Hatutayarudia hapa. Yalikuwa matusi, kisha yakawa matusi ya makabila, kisha yakawa matusi ya wazazi. Bwana yule aliyasoma kwa furaha, kama asomaye barua ya harusi. Bibi mmoja aliyeketi juu ya ndoo yake iliyofunikwa akamwuliza, bila ya kunyanyua uso: "Na mamake huyo kijana, yeye ana simu?" Bwana hakuelewa. Bibi akarudia: "Nakuuliza, mamake yuwasoma hayo pia?" Simu ikarudi mfukoni. Mlango wa feri ulipoteremshwa, bibi alinyanyua ndoo yake akatangulia mbele yetu sote.

Marikiti ilikuwa imejaa, kama ilivyo kila Jumamosi ya mwisho kabla ya shule. Soko hili lina harufu ambayo mtu wa Mombasa huitambua hata akiwa amefumba macho: iliki na mdalasini upande huu, maganda ya nazi yaliyolowa upande ule, na katikati yake moshi wa magari ya Barabara ya Digo. Hapo mjadala ulikuwa wa fedha. Rais alikuwa amewaahidi wachezaji shilingi milioni moja kila mmoja kwa kila mechi waliyoshinda katika kundi, na muuza bizari alishikilia kwamba ahadi hizo ndizo zilizowatia uzito miguuni. Muuza nazi wa jirani yake alimpinga vikali. Alisema mchezaji wa ligi ya nyumbani, ambaye mshahara wake huja leo na usije kesho, hawezi kudhuriwa na kulipwa; na kama yeye muuza bizari anaamini fedha humwharibia mtu kazi, basi na atugawie bizari bure. Tulipunguziwa shilingi ishirini kwa sababu ya kicheko kile.

Kutoka Marikiti tuliingia Mji wa Kale kwa njia ya Langoni. Ni vyema aliyezoea mabarabara mapana akumbushwe jinsi unavyoingia humo: jua hukatika ghafla, roshani za mbao hukaribiana juu ya kichwa, na sauti hubadilika, kwa kuwa maneno hayana pa kupotelea. Mtu akisema neno barazani, huyasikia aliye ghorofani na aliye uani. Ndiyo maana katika mitaa hii watu wa zamani walijifunza kusema kwa mafumbo. Siku ile mafumbo yalikuwa yamewekwa kando.

Karibu na Kuze kuna baraza moja ya mawe ambapo wazee hunywa kahawa chungu kwa kashata tangu alasiri. Jumamosi ile walikuwa wamekaa tangu asubuhi. Si desturi yetu kusimama penye baraza la wanaume, lakini mmoja wao ni ami yetu, naye alituita. "Subalkheri, ami," tukasema. "Subalkheri wanangu. Ndooni mwambie hawa. Wao wasema tumetolewa na Madagaska. Mimi nasema tumetolewa na Bukini."

Vijana waliokuwa hapo hawakulijua jina hilo, na ami akafurahi, kwa sababu alipata nafasi ya kulieleza. Bukini ndilo jina ambalo Waswahili waliiita Madagascar kabla ya ramani za shule. Babu yake ami alikuwa akienda huko kwa jahazi: wakishuka na kaskazi, wakikaa Majunga kungojea upepo ugeuke, kisha wakirudi na kusi wakiwa na mchele. Wapo jamaa zetu waliooa huko na wasirudi, na hata leo katika bandari za kaskazini-magharibi mwa kisiwa kile na katika visiwa vya Ngazija kuna nyumba ambazo majina yake hayahitaji kufasiriwa Mombasa. "Kwa hiyo," akasema ami, "hatukutolewa na wageni. Tumetolewa na wajomba."

Kijana mmoja akamwambia hilo halipunguzi uchungu. Ami akakubali kuwa halipunguzi. Lakini aliwataka wajue wamefungwa na nani. Mwaka 2019, kule Misri, Madagascar iliingia Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ikaifunga Nigeria katika kundi, ikaitoa Kongo kwa penalti, ikafika robo fainali. Kenya ilikuwa katika mashindano yale yale na ilirudi nyumbani baada ya mechi tatu. Mwanzoni mwa 2023, kule Algeria, Madagascar ilichukua nafasi ya tatu katika CHAN hii hii. Timu yao huitwa Barea, ng'ombe wa nundu, na ng'ombe wa nundu, akasema ami, hana mbio lakini humchoshi. "Nyinyi mliwatazama mkaona kisiwa. Mngewatazama kwa mato ya baharia mngeona bara."

Hapo kahawa ilimiminwa tena, na mazungumzo yakaingia katika jambo ambalo kila mzee wa Mombasa hulifikia hatimaye: kipa. Mahmoud Abbas, mtoto wa mji huu, alikaa langoni mwa Kenya ilipolitwaa Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, na fainali ya 1982 mjini Kampala iliamuliwa kwa penalti dhidi ya wenyeji Uganda. Wazee wawili walibishana kuhusu mkwaju mmoja wa siku ile kana kwamba umepigwa jana asubuhi, kila mmoja akionyesha kwa mkono upande ambao kipa aliruka, na pande zenyewe zilikuwa mbili tofauti. Hatukuthubutu kuamua. Tuliona tu kwamba mwenye kahawa, aliyekuwa kijana, aliwaacha wamalize kabla ya kuwadai.

Yupo mmoja aliyekuwa kimya muda wote, mtu wa makamo mwenye duka la vitambaa. Alipozungumza hakuzungumzia penalti. Aliuliza mechi ngapi zimechezwa Mombasa. Hakuna aliyejibu, kwa kuwa jibu lilijulikana: hata moja. Mechi zote za Kenya zilikuwa Nairobi, Kasarani na Nyayo. Zanzibar, kisiwa kama sisi, walikuwa na mechi za kundi katika uwanja wa Amaan. Watoto wa Ng'ambo waliiona Senegal na Nigeria kwa macho yao. Alikumbusha kwamba Kombe la Afrika la 1996 liliondolewa Kenya, na CHAN ya 2018 nayo ikaondolewa ikapelekwa Morocco kwa sababu viwanja havikuwa tayari. Kwa hiyo kuandaa safari hii ni jambo la kushukuriwa, naye anashukuru. "Lakini timu ya taifa," akasema, "ni ya taifa mpaka wapi? Mtoto wa Kuze akitaka kuiona, apande gari moshi usiku kucha?" Mwaka 2027 Kombe la Afrika lenyewe linakuja katika nchi hizi tatu. Tunaliandika swali la mwenye duka hapa kwa sababu tunaona lina haki ya kuulizwa mahali pakubwa zaidi ya baraza, na mapema kuliko 2027.

Nyumbani kwa shangazi tulikaribishwa kwa samaki wa kupaka na wali wa nazi, na kwa mjadala ambao ulikuwa umeanza tangu usiku. Nani asema wanawake hawatazami mpira? Ukumbini mle walikuwapo wanawake wanane, na kila mmoja alikuwa na timu yake kichwani. Jirani wa ghorofa ya juu alimlaumu beki. Mkwewe shangazi alimtetea beki huyo kwa machozi ya kweli, akisema ana umri wa mwanawe. Mmoja alileta methali ya asiyekubali kushindwa si mshindani, akajibiwa na mwenziwe kuwa methali hiyo kwa kawaida husemwa na aliyeshinda.

Kisha wakaingia katika suala la magharibi. Mechi ilianza saa kumi na moja jioni, na adhana ikawakuta kipindi cha pili. Shangazi alifanya alilofanya siku zote: alizima televisheni. Kulikuwa na kunung'unika, hakukataa, lakini wanawake waliswali na vijana wakateremka msikitini. Waliporudi mbio, wakiuliza matokeo tangu ngazini, walikuta ni sare. Hapo ndipo shangazi alipotaja jambo lililokuwa likimsumbua tangu usiku. Mjukuu wake mkubwa, kijana wa miaka ishirini na mmoja, fundi wa majokofu, mtu asiyekosa jamaa, hakwenda msikitini jana. Alibaki barazani chini na simu yake. Na mikwaju ilipopigwa, wenziwe wakishika vichwa na kupiga kelele, yeye alikaa ameegemea ukuta kama mgonjwa. Mkwaju wa mwisho ulipoamua, hakusema neno. Shangazi alidhani ni uchungu wa taifa.

Lakini asubuhi alimwomba risiti. Babake kijana yumo melini, na kila muhula hutuma karo ya binti yake mdogo kwa simu ya kaka yake, ailipe. Shilingi elfu tisa. Kijana alisema risiti iko kwa fundi mwenziwe. Saa nne akasema iko kazini. Saa sita tulipokuwa tukila, aliitwa, akasimama mlangoni pa ukumbi, hakuingia.

Tunaandika haya kwa idhini ya shangazi, ambaye alisema nyumba nyingi zinazopokea jarida hili zina simu. Fedha ile ilikuwa imewekwa kwenye mkeka. Kijana alieleza kwa sauti kavu: Kenya imeshinda mechi tatu katika nne, iko nyumbani, imeifunga Morocco, kila aliyemwuliza alimwambia ni kama fedha iliyo mfukoni tayari. Alitaka irudi karibu maradufu, alipe karo, na imbakie ya kununua vifaa vya kazi. Shangazi akauliza, kwani hata kama wangeshinda kwa penalti, si angerudishiwa? Kijana akatikisa kichwa. Binti yetu ndiye aliyetufasiria, na kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili anajua mambo hayo ni habari ya kutosha yenyewe: mkeka wa ushindi huhesabiwa kwa dakika tisini. Sare ya dakika tisini ni kupoteza, hata timu ikishinda baadaye. Watoto darasani kwao wanalijua hilo kama wanavyojua jedwali la kuzidisha.

Basi tukaielewa picha ya usiku. Wakati nchi nzima ilikuwa bado na matumaini, katika nyongeza na katika mikwaju, yeye alikuwa ameshapoteza. Alikaa karibu saa nzima miongoni mwa watu waliokuwa wakiomba, hana cha kuomba. Hata timu yake ingeshinda, asingeweza kushangilia. Sisi tumeishi na mpira tangu utotoni, tumewaona baba na kaka zetu wakilia kwa ajili yake, na hatuoni aibu kusema tunaupenda. Hili lakini ni jambo jingine lililovaa jezi yake. Dini yetu imekwisha kulitolea hukumu na hatuna la kuongeza. Tunalotaka kulionyesha ni jinsi linavyomwondoa mtu hata katika ule msiba wa pamoja, akabaki peke yake ukutani.

Ukumbi uligawanyika. Jirani alitaka babake apigiwe simu papo hapo. Mkwewe shangazi alisema mtu aliye baharini hapewi habari ambayo hawezi kuifanyia kitu. Mwengine alisema kijana aondolewe mbele ya watu, asifedheheshwe. Na mwengine akajibu kuwa amejifedhehesha mwenyewe. Kijana akasema jambo ambalo huenda hakulikusudia. Alisema hata wale wachezaji wamekosa, na watu wanawasamehe.

Shangazi aliweka sahani chini. "Yule aliyekosa penalti," akasema, "alitoka akaenda mwenyewe mbele za watu wote, akapiga, akakosa, na watu wakamwona. Wewe ulijificha na simu. Na penalti yako ulipigia miguu ya dada yako."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Dada mwenyewe, aliyetajwa hivyo, alikuwa jikoni akiosha vyombo, na maji yalisikika yakisita, kisha yakaendelea.

Mambo ya nyumba humalizwa na nyumba. Jirani yule yule aliyetaka simu ipigwe ndiye aliyesema zamu yake ya chama inaangukia Jumapili, shilingi elfu kumi, naye hana haraka nayo. Kijana ataichukua tisa, na atamrudishia elfu moja na mia tano kila mwisho wa mwezi, miezi sita, mkononi kwake yeye mwenyewe na si kwa simu. Karo ataipeleka shangazi. Babake ataambiwa atakaporudi, na atakayemwambia ni kijana, shangazi akiwa amekaa hapo hapo. Alikubali yote. Jirani alimwambia pia asilete fedha hizo na uso wa maiti, maana yeye si mkopeshaji, ni mama yake wa ghorofa ya juu.

Tulirudi Likoni jua likitua. Ukipita kando ya bahari, kwenye mibuyu ya Mama Ngina, watu wa Mombasa huja kupunga upepo kwa mihogo ya kukaanga na pilipili, wakitazama meli zikiingia Kilindini. Vijana wadogo walikuwa wamesimamisha ndara mbili kuwa lango na wanapigiana penalti. Kila mpigaji alijitangaza kwa jina la mchezaji wa timu ya taifa kabla ya kupiga, na tuliona kwamba majina ya wale waliokosa Kasarani yalichukuliwa kwanza. Kila mtoto alitaka kuwa wao ili apige tena. Binti yetu aliomba zamu moja, akiwa na buibui lake na viatu vya ngozi. Mpira ulipaa ukaingia baharini, na wavulana walimpigia makofi kwa adabu wakaenda kuufuata.

Ferini tulisikia kuwa Uganda nayo imefungwa na Senegal bao moja. Wenyeji watatu, wote nje kwa siku mbili. Mtu mmoja alisema sasa tukae tuwapikie wageni. Watu walicheka, wamechoka.

Fainali ilichezwa Kasarani Jumamosi iliyofuata, tarehe 30, baina ya Morocco na Bukini. Tulikuwa tena Kuze, safari hii kwa ajili ya matayarisho ya maulidi, kwa kuwa Mfungo Sita ulikuwa umeandama. Barazani ami alikuwa amewageuza watu wote kuwa Wabukini kwa ajili ya babu yake, isipokuwa mwenye duka, aliyeishabikia Morocco, akieleza kwamba bingwa akiwa Morocco basi timu pekee iliyomfunga bingwa katika mashindano yote ni Kenya, na hilo litaandikwa. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na watu walikasirika kwa sababu ilikuwa sahihi. Mechi ilikwenda mbili kwa mbili. Kijana wetu alikuwa amekwisha kupanda ghorofa ya juu na kushuka, elfu moja na mia tano zimeshakabidhiwa. Bao la tatu la Morocco lilipoingia na mtaa mzima ukapiga ukelele, yeye alikuwa jikoni, amekalia mbuzi, anamkunia shangazi nazi.